Daftari la Hali Shwari

Kazi aliipata kwa ajili ya mwandiko. Siku ya usaili walikuwa wanawake saba kwenye benchi, karibu wote wamesoma kumpita kwa mbali, naye alikuwa ameketi mwishoni kabisa, mkoba ameubana mapajani, akitafuta namna ya kuondoka bila kuonekana. Mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kiwanja cha ndege, mzee mmoja mkavu waliyemwita Afande, hakumuuliza mtu swali. Aliwapa kila mmoja karatasi, akawaambia waandike saa, tarehe na hali ya hewa. Kisha akazitandaza karatasi zote mezani, akarudi nyuma hatua mbili, akazitazama kama mtu anayechagua kitambaa cha suruali.

"Huyu," akasema, akiinua moja. "Hata mkono ukimtetemeka, yatasomeka."

Ndivyo alivyoingia chumba cha zamu, na humo akakaa miaka kumi na tisa.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza, simu nyeusi iliyounganishwa moja kwa moja na mnara wa kuongozea ndege, kitufe chekundu cha king'ora ndani ya kikasha cha kioo, saa ya ukutani, na dirisha pana lililotazama njia ya kurukia yote, toka mwanzo hadi kule mwisho ambako lami ilichakaa na nyasi zikashika. Kiwanja kilikuwa kidogo. Ndege mbili kwa siku, nne mwisho wa wiki, na siku za mvua nzito hakuna kitu. Chini ya chumba hicho lilisimama gari la zimamoto, jekundu, linaoshwa kila asubuhi hata kama halikutoka, na wanaume sita wa kulitumikia. Kazi yake yeye ilikuwa kukaa dirishani, kupokea simu ya mnara na kuandika. Kila saa mstari mmoja: saa ngapi, nani yuko zamu, limetokea nini. Wale wanaume wakamwita Mama Daftari, hata kabla hajawa mama wa mtu.

Ilikuwa kazi ya kumfaa, maana alikuwa mtu wa wasiwasi tangu kuzaliwa. Wengine wakiona ndege inatua, yeye aliona tairi. Aliona mfuko wa plastiki unaopeperuka karibu na uzio, aliona mbwa kabla mbwa mwenyewe hajaamua kuvuka. Dereva wa lile gari, mcheshi asiyechoka, alikuwa akisema kwamba ndege ikipita juu huko mawinguni, inakwenda nchi nyingine kabisa, tumbo la Mama Daftari linamkata.

Mwaka wa kwanza aliandika kila kitu, kama alivyofundishwa. Siku moja mafuta ya ndege yalimwagika kidogo wakati wa kujaza, kiasi cha ndoo moja, wakayafunika kwa povu, yakaisha. Akaandika. Baada ya wiki mbili ilifika barua kutoka makao makuu ya shirika, na nyuma ya barua fomu ya kurasa nane, na nyuma ya fomu watu watatu wenye tai. Waliuliza nani alisimama wapi, alivaa nini, kwa nini alisimama hapo na si pale. Mmoja wa wale wanaume sita, baba wa watoto wanne, akasimamishwa kazi kupisha uchunguzi. Uchunguzi haukuisha. Akamwaga unga hivi hivi, kwa ndoo moja ya mafuta ambayo hata haikuwaka.

Afande aliwakusanya wote nyuma ya gari. Hakupandisha sauti. Alisema kuanzia siku hiyo daftari litaandika king'ora tu. Kikilia, andika. Kisipolia, basi hakuna kilichotokea. Kisha akamgeukia Mama Daftari, ambaye alikuwa analia kimya kimya kwa kujiona ndiye aliyemfukuzisha mwenzao, akamwambia, "Binti yangu, huku hatufichi kitu. Tunalindana." Naye akayapokea maneno hayo kwa moyo wote, kwa sababu yalimtua mzigo.

Toka hapo mistari ikawa mizuri, imenyooka, inafanana. Hali shwari. Nyasi kavu zikashika moto kando ya uzio, wanaume wakakimbia na matawi na mitungi ya mkono, wakauzima wakiwa wamejaa masizi hadi kwenye kope; hali shwari. Injini ikatema cheche wakati wa kuwashwa, simu ya mnara ikalia, Dereva akalisogeza gari taratibu likasimama karibu kama lililopita tu kusalimia, hali shwari. King'ora chenyewe wakawa hawakigusi. Afande alisema abiria wakisikia king'ora wanakanyagana, na kweli alikuwa amewahi kuona watu wakikanyagana.

Aliyeletwa kuziba pengo la yule aliyefukuzwa alikuwa kijana mrefu asiye na maneno mengi, ambaye kazi yake ilikuwa kushika mdomo wa bomba. Alikuwa akipanda ngazi kuja kuuliza saa, na saa ilikuwa ukutani kule chini pia. Wakaoana. Mtoto walichelewa kumpata, na walipompata alikuwa binti, na baada yake hawakupata mwingine.

Sasa ile siku yenyewe. Binti alikuwa na miaka minne. Ndege ya asubuhi ilitua kwa kasi kuliko kawaida, na Mama Daftari dirishani akaona moshi chini ya bawa. Hakuwa na haja ya kupiga simu. Mumewe na Dereva walikuwa wameshaona, wameshatoka mbio na mitungi ya mkono. Breki zilikuwa zimewaka. Aliona ulimi wa moto, mdogo, wa rangi ya chungwa, ukilamba tairi, na juu ya tairi hilo bawa, na ndani ya bawa mafuta. Mkono wake ulikuwa tayari juu ya kikasha cha kioo. Afande, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Bado." Wakati huo huo mumewe akaingia chini kabisa ya bawa, akapiga magoti, akatoweka ndani ya moshi mweusi na unga mweupe wa mtungi. Alikaa humo muda ambao Mama Daftari hakuwahi kuupima, ingawa saa ilikuwa pale pale ukutani.

Abiria thelathini na wawili walishuka kwa mlango wa upande wa pili na mabegi yao. Bibi mmoja akauliza kwa nini kunanuka mpira.

Mumewe alipotoka kule chini alikuwa anatapika. Dereva alimkalisha kwenye ngazi za gari, akamwagia maji kichwani, akamtania kwamba amepaka poda kama anakwenda kupiga picha. Juu, Afande alisubiri hadi kalamu ikagusa karatasi. King'ora hakikulia, alisema. Na mkono wa Mama Daftari ulitetemeka, na yaliyoandikwa yakasomeka vizuri kabisa.

Jioni, nyumbani, mumewe akiwa amelala chali na taulo la maji kifuani, alimuuliza neno moja tu. "Umeandika?"

"Nimeandika," akasema.

Na kuandika aliandika kweli.

Kile kikohozi hakikumtoka tena. Mwanzoni walidhani ni cha wiki mbili. Baadaye kikawa cha asubuhi, halafu cha kupanda ngazi, halafu kikahamia kabisa ndani ya nyumba kama mpangaji. Akaondolewa kwenye bomba, nafasi yake ikashikwa na mwingine, naye akapewa kazi ya kufungua geti la mizigo, na hata geti likamshinda. Hospitalini daktari alimpa fomu ya fidia ya shirika yenye mstari wa kujaza namba ya tukio kutoka kwenye daftari la zamu. Mumewe hakuijaza. Aliikunja akaiweka kwenye droo. Alisema hawezi kuzunguka ofisi za watu akijitangaza kama mgonjwa wa kuombea. Atakayetaka kujua atakwenda kusoma mwenyewe. "Ipo kwenye daftari," akasema. Na maneno hayo akayafanya mto wake wa kulalia. Jirani akimuuliza hicho kifua kimepatwa na nini, anajibu kwa ufupi, kisha anamalizia: ipo kwenye daftari. Binti yake alipokua akataka kusikia habari ile, alimsimulia mara moja, na mwishoni akamwambia hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyeweka kitu chake mahali salama.

Mara ngapi Mama Daftari alitaka kusema. Akiwa anamsugua mgongo, akiwa anamchanganyia dawa, maneno yalimjia hadi kwenye meno yakarudi. Alijiambia atasema mtoto akilala. Alijiambia atasema kifua kikipoa. Afande akafa, wakamzika, akajiambia sasa atasema, na hapo pia hakusema. Miaka tisa ikapita.

Ndipo ukaja muswada. Serikali ilitaka kulivunja shirika la viwanja vya ndege. Viwanja vikubwa vitapewa kampuni mpya, na vidogo vitapimwa kimoja kimoja: kitakachoonekana kina haja ya kikosi chake kitabaki nacho, na kisicho na haja kitanyang'anywa gari na watu, kiwe cha kutua kwa idhini tu. Kamati ya Bunge ikaagiza madaftari ya zamu ya miaka kumi kutoka kila kiwanja.

Meneja wa kiwanja alikuja mwenyewe kuyachukua. Ajabu ni kwamba Mama Daftari siku hiyo alifurahi. Alikuwa ameyafunika yote kwa karatasi ya kaki, ameyabandika miaka mgongoni, hakuna ukurasa uliochanika wala neno lililofutwa. Dereva alimwambia ameyavisha kama maharusi. Wote sita walisimama kuyatazama yakipakiwa kwenye gari la meneja, wakiamini kwamba Bunge litaona kikosi cha watu nadhifu. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiria kwamba watu wa mbali wangesoma yaliyoandikwa kama yalivyoandikwa. Wao kwao hali shwari ilikuwa na maana ya kazi iliyofanyika. Walikuwa wameisoma hivyo muda mrefu hata wakasahau kwamba haikuandikwa hivyo.

Mjadala ulitangazwa redioni siku ya mapumziko yake. Mumewe alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio ameiweka kwenye mkono wa kiti, na binti, ambaye sasa alikuwa na miaka kumi na mitatu, anafanya hesabu mezani. Mama Daftari alikuwa anakunja nguo. Alisimama mbunge mmoja mwenye sauti ya kupendeza, sauti ya mtu aliyezoea kuchekewa.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "nimeyasoma madaftari ya kiwanja hiki mwenyewe, na naomba nikiri kwamba mwandiko ni mzuri sana." Bunge likacheka. "Tarehe mosi, hali shwari. Tarehe mbili, hali shwari. Tarehe tatu, hali shwari. Mheshimiwa Spika, sidhani kama hata peponi kuna ushwari wa namna hii." Likacheka tena, watu wakapiga meza. "Miaka kumi. Neno tukio halimo hata mara moja. Nauliza, tunawavisha watu makoti ya moto walinde nyasi?"

Mama Daftari alikuwa ameshika shuka kwa ncha mbili. Hakulikunja wala hakuliweka chini.

"Hayo ni madaftari ya kwetu?" mumewe akauliza.

"Ya kwetu."

"Miaka kumi yote?"

"Yote."

Binti akainua kichwa kwenye hesabu zake. "Baba, si lako limo humo?"

"Soma kitabu chako," baba akasema, kwa upole. Kisha akaipunguza redio, si kuizima, akaipunguza hadi ikabaki kama mdudu kwenye kopo, na akaitazama.

Siku mbili hakumwambia neno la maana. Hakuwa amekasirika, kama angekasirika ingekuwa nafuu. Akiletewa chai alisema asante kama anavyomwambia muuguzi. Ule msemo wake hakuusema tena, si siku zile wala baadaye, na nyumba ikawa kama imeondolewa nguzo ambayo wote walikuwa wakiipita bila kuitazama.

Siku ya tatu Mama Daftari alipiga moyo konde. Aliketi mezani na karatasi, akamwambia mumewe kwamba anaandika barua kwa mbunge wa eneo lao. Ataandika yote ambayo hayakuandikwa, ayakumbukayo, na kwamba daftari lilidanganya na aliyedanganya ni yeye. Alimtazama usoni alipokuwa akisema hivyo. Ilikuwa ndiyo toba aliyoiweza.

Mumewe aliitazama ile karatasi tupu. "Andika," akasema. "Lakini mimi usiniweke."

"Lako ndilo kubwa kuliko yote."

"Miaka tisa sikuwemo. Sitaki niingizwe sasa kwa kuhurumiwa, wanichekee na mimi redioni. Usiniweke."

Naye, kwa sababu alijiona hana haki tena ya kumbishia mtu huyu jambo lolote, akatii. Barua ilikuwa na matukio kumi na saba. Nyasi, cheche, mafuta, mbwa. Breki zilizowaka alizitaja katika mstari mmoja, kwamba zilizimwa. Dereva na wenzake walitia sahihi chini, mmoja mmoja, bila kuisoma, Dereva akisema huu mshahara anaujua, unaitwa kujichongea. Hata hivyo alitia.

Ofisi ya mbunge ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na watu. Mbunge alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, wa rika lake. Alimkaribisha, akaisoma barua yote mara mbili, na uchangamfu ukampungua.

"Dada yangu," akasema, "umeniletea kisu kisicho na mpini. Nikisema daftari ni kweli, hamna kazi mnayofanya. Nikisema ni uongo, ninyi ni waongo. Nishike wapi?"

Mama Daftari alisema ashike kwenye ukweli.

"Ukweli nao unataka uso wa mtu. Katika haya yote, kuna aliyeumia? Nipe mtu mmoja tu. Nikiwa na mtu mmoja nasimama naye mpaka mwisho."

Kule chini mtu alikuwa anakata bomba la chuma, msumeno unalia na kunyamaza. Akilini Mama Daftari alimwona mumewe kwenye kiti chake karibu na dirisha. Alisikia: usiniweke.

"Hakuna," akasema.

Mbunge akaikunja barua. Aliahidi ataisoma bungeni, na ahadi yake aliitimiza.

Siku ya kupiga kura wote walikuwa chumba cha zamu, wanaume wamesimama nyuma yake, redio ya Dereva imewekwa juu ya daftari jipya. Mbunge wao alisoma barua vizuri, bila madoido, hadi mwisho, na safari hii Bunge halikucheka. Kwa dakika chache watu saba wale walithubutu kupumua. Kisha akasimama waziri. Hakuwa na kejeli. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwungwana aliyechoka, na hilo ndilo lililowamaliza.

"Mheshimiwa Spika, namheshimu mama huyu kwa kukiri. Nina swali moja tu. Matukio kumi na saba, na hata mtu mmoja hakuumia? Hata mkwaruzo? Ama tuna kikosi hodari kuliko vyote duniani, ama hayakuwa matukio. Mimi nadhani hayakuwa."

Dereva alimtazama Mama Daftari kisogoni. "Hukumtaja?"

"Alinikataza."

Simu nyeusi ikalia. Ndege ya alasiri ilikuwa inakaribia. Aliinuka kidogo kuitazama kama alivyozitazama zote, magurudumu kwanza, na nyuma yake Spika alikuwa anawahoji wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo ilikuwa kubwa, ilijaza chumba. Tairi zikagusa lami, moshi mdogo wa kawaida, ikapunguza mwendo, ikageuka. Dereva akazima redio. Mama Daftari akalivuta daftari, akaandika saa tisa na dakika arobaini, na baada ya hapo kalamu ikasimama, kwa sababu hakujua tena yale maneno mawili yana maana gani.

Nyumbani alimkuta mumewe amekaa vile vile. Binti alikuwa jikoni, anaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

"Waziri ameuliza kama kuna aliyeumia," mumewe akasema.

"Nimesikia."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza."

"Na ile siku yenyewe, nani alikukataza?"

"Afande."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi wewe kazi yako ni kukatazwa tu," akasema, na akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikawa kirefu hata binti akaja mlangoni na mikono ya sabuni. Mama Daftari akapiga magoti kando ya mumewe, akamshika mgongo. Ilikuwa mara ya kwanza toka siku ya redio kwamba alimwacha amshike.

Wiki ya sita baada ya kura walikuja watu wawili wa kampuni mpya kulichukua gari. Dereva aliwaonyesha jinsi ya kulibembeleza kwenye gia ya pili, akawaambia asubuhi likigoma wasilitukane, linaelewa. Kisha akaingia nyuma ya jengo, hakutoka hadi mlio wa gari ulipopotea barabarani. Mahali liliposimama miaka yote palibaki sakafu ya rangi nyingine, safi, yenye umbo la gari.

Meneja alipiga simu kwamba saa sita atapita kuchukua daftari la mwisho. Mama Daftari aliketi. Dirishani njia ya kurukia ilikuwa tupu, na kwa mara ya kwanza hakukuwa na kitu cha kuogopa, na hilo lilimtia hofu kuliko vyote. Aliandika saa, na kwamba gari limeondoka. Kisha akapiga mstari kwa rula, akaandika tarehe ya miaka tisa iliyopita. Aliandika jina kamili la mumewe. Aliandika kwamba ndege ya asubuhi ilitua breki za tairi la kulia zimewaka, abiria thelathini na wawili ndani, kwamba zimamoto huyu aliingia chini ya bawa na mtungi wa mkono bila kofia ya hewa kwa kuwa hapakuwa na muda, akauzima, akaumia kifua, na hajapona. Aliandika kwamba aliyekuwa zamu hakuliandika siku ile, na kwamba ni yeye. Mkono ulitetemeka. Yalisomeka.

Meneja alikuwa na haraka. Alitia sahihi chini ya ukurasa bila kuusoma, akalitumbukiza daftari ndani ya gunia pamoja na karatasi nyingine, gunia likafungwa kwa kamba, likapakiwa.

Alirudi nyumbani kwa miguu, mchana jua likiwa utosini, mkoba ameubana kama siku ile ya benchi. Mumewe alimtazama alipoingia, akamtazama mikono.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika."

"Soma."

Alikuwa hana daftari, lakini hakulihitaji. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamsomea kwa kichwa, neno kwa neno, kuanzia tarehe. Mumewe alisikiliza amefumba macho, midomo inasogea kidogo. Alipofika kwenye jina, macho yakafumbuka. Alipomaliza, walimsikia binti akifagia nje.

"Tairi la kushoto," mumewe akasema.

"Nini?"

"Umesema la kulia. Lilikuwa la kushoto. La kulia ni kwako wewe uliyekuwa dirishani. Mimi nilikuwa chini yake."

Alishika mdomo. Aliwaza gunia, kamba, gari la meneja, na barabara lililoshika. "Nitakwenda kesho," akasema. "Nitawaomba wanifungulie, ni neno moja tu, nitalikata kwa mstari mmoja niandike juu yake."

"Hawatakufungulia."

"Nitawaomba."

Mumewe alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono wa kuandikia.

"Liache," akasema. "Watakaosoma hawatajua." Akafumba macho tena. Baada ya muda, kama mtu anayeongea peke yake, akaongeza: "Lakini lilikuwa la kushoto."